Je, Televisheni ya Bei ya Juu Inastahili Fedha Yako? Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Mbeya, Iringa na Njombe

Ukiingia katika maduka ya vifaa vya umeme ya Mwanjelwa jijini Mbeya au ya Miyomboni mjini Iringa, unaweza kukuta televisheni mbili za inchi 55 zimewekwa ubavu kwa ubavu, zote zikiwa zimeandikwa 4K, na bei ya moja ikiwa mara mbili au hata mara tatu ya bei ya nyingine. Muuzaji hakudanganyi anaposema kwamba ile ya bei ya juu ni bora zaidi, kwa kuwa kioo chake, taa zake na chipu inayochakata picha kwa kawaida huwa vya daraja la juu. Swali gumu ni kama ubora huo utayafikia macho ya watu wa nyumba yako. Jibu lake halipatikani dukani, na ndiyo maana mwongozo huu unaanzia nyuma ya televisheni uliyonayo sasa, unapita kwenye kochi, dirishani na kwenye mita ya LUKU, na baada ya hapo ndipo unafika kwa muuzaji.

Hatua ya kwanza: Fahamu picha yako inatoka wapi

Chukua karatasi na uandike kila kilichotazamwa nyumbani katika wiki iliyopita, na mbele ya kila kipindi uandike njia kilimopitia: king'amuzi, intaneti, flashi au mashine ya michezo ya video. Katika nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini sehemu kubwa ya orodha hiyo itakuwa ya king'amuzi, yaani taarifa ya habari, tamthilia na mechi za Ligi Kuu, zikiwamo zile zinazochezwa hapa hapa Uwanja wa Sokoine. Chaneli hizo kwa kawaida hurushwa kwa SD, yaani ubora wa kawaida wa zamani, au kwa HD, yaani ubora wa juu. Kioo cha 4K kina nukta, yaani vidoa vidogo vinavyounda picha, 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, jumla yake ikiwa karibu milioni 8.3, ilhali picha ya SD ina nukta 720 kwa 576, ambazo hazifiki 415,000. Ukigawanya utaona kwamba kati ya kila nukta 20 unazozitazama, moja tu ndiyo iliyotoka kituoni, na 19 zilizobaki zimekisiwa na televisheni yenyewe.

Hesabu hiyo ina matokeo mawili ambayo wanunuzi wengi hawayategemei. La kwanza ni kwamba kioo kikubwa cha bei nafuu kinaweza kuifanya picha ya SD ionekane mbaya kuliko ilivyokuwa kwenye televisheni yako ndogo, kwa sababu kasoro zile zile sasa zimetandazwa mahali papana. La pili ni kwamba chipu nzuri ya televisheni ghali huonyesha thamani yake hasa kwenye picha dhaifu, kwa kuwa ndiyo inayokisia vizuri zaidi nyuso za watangazaji na kingo za maandishi, wakati picha safi ya 4K haihitaji kukisiwa na hata televisheni ya kawaida huionyesha vizuri.

Kabla ya kuendelea, geuza televisheni yako uitazame kwa nyuma. Kama king'amuzi kimeunganishwa kwa ule waya wenye vichwa vitatu, vya njano, nyekundu na nyeupe, basi hata chaneli ya HD unayoilipia inashushwa hadi SD kabla haijafika kwenye kioo. Chomoa waya huo, weka wa HDMI, kisha uingie kwenye mipangilio ya king'amuzi na uchague 1080. Hakikisha pia kwamba king'amuzi chenyewe ni cha HD na kwamba kifurushi chako kina chaneli za HD. Naliweka jambo hili mbele ya mengine yote kwa sababu linagharimu bei ya waya mmoja, na zipo nyumba ambazo zikishalifanya hazitaona tena haja ya kununua televisheni mpya mwaka huu.

Kwa wanaotazama kwa intaneti hesabu ni nyingine. Netflix inashauri kasi ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 15 kwa 4K na Mbps 5 kwa Full HD, yaani HD ya nukta 1,920 kwa 1,080, na saa moja ya 4K inaweza kula hadi GB 7, wakati saa moja ya HD hula hadi GB 3. Filamu ya saa mbili kwa 4K kwa hiyo inaweza kumaliza GB 14, na 4K yenyewe hutolewa kwenye kifurushi chao cha juu kabisa. Pima kasi ya intaneti yako saa mbili usiku, muda ambao watu wengi wamo mtandaoni, kwani kipimo cha asubuhi kitakupa matumaini yasiyo na msingi. Mwenye faiba au huduma isiyohesabiwa kwa GB ana sababu nzuri ya kufikiria televisheni ya daraja la juu. Anayenunua bando la simu na kuligawa kwa nyumba nzima ataishia kutazama HD hata kama kioo chake ni cha mamilioni. Kuhusu flashi, filamu ya saa mbili iliyobanwa hadi ikaenea ndani ya GB 1 imekwisha kupoteza mengi, na hakuna televisheni inayoweza kuyarudisha.

Hatua ya pili: Pima kutoka kwenye kochi

Tumia futi ya fundi kupima umbali kutoka mahali kichwa kinapokaa hadi ukutani ambako televisheni itawekwa. Jicho lenye afya hutofautisha vitu vilivyo mbali kwa takriban sehemu moja ya 60 ya digrii, na kutokana na kipimo hicho tunaweza kujua lini ukali wa 4K unakoma kuonekana. Kwenye kioo cha inchi 55 cha Full HD kila nukta ina upana wa kama milimita 0.63, na ukikaa mbali zaidi ya mita 2.2 hivi huwezi kuzitenganisha, hivyo kuziongeza mara nne hakutakupa ukali zaidi. Kwa inchi 43 mpaka huo ni kama mita 1.7, na kwa inchi 65 ni kama mita 2.6. Sebule nyingi zina makochi yaliyoegemezwa ukuta wa pili, mita tatu au zaidi kutoka kwenye kioo, na kwa mtazamaji wa hapo kinachobadilisha picha ni ukubwa wa kioo, rangi na weusi wake. Wingi wa nukta huwa umekwisha kufanya kazi yake. Ndiyo maana 8K, yenye nukta nyingi mara nne ya 4K, haistahili hata kujadiliwa kwa nyumba ya kawaida.

Kanuni inayotumika sana kwa ukubwa ni kuchukua kipimo cha mshazari wa kioo na kukizidisha kwa 1.6 ili kupata umbali wa kukaa. Kwa inchi 55, ambazo ni sentimita 140, unapata mita 2.2. Kwa mita tatu kanuni hiyo ingekupeleka hadi karibu inchi 75, lakini mimi sishauri kuifuata hivyo kwa nyumba inayotegemea chaneli za SD, kwa sababu zilizoelezwa hapo juu. Nyumba ya SD ibaki kwenye inchi 43 au pungufu, ya HD iende 55, na anayetazama HD nzuri na 4K kwa mita tatu apande hadi 65. Nyumba inayotazama mpira kwa HD, ikilazimika kuchagua kati ya inchi 65 za daraja la kati na inchi 50 za daraja la juu kwa fedha ile ile, ichukue 65.

Lipo jambo moja la sebule zetu ambalo linaipa televisheni ghali hoja yenye nguvu, na miongozo mingi hulipita. Sisi hupanga makochi kuzunguka kuta tatu. Baba au mgeni hukaa mbele ya kioo, watoto hukaa chini kwenye zulia, na waliobaki hukaa pembeni. Vioo vingi vya LCD, yaani vile vinavyoangazwa na taa zilizo nyuma yake, hasa vile vya aina ya VA, huwa na weusi mzuri kwa aliye mbele lakini hupoteza rangi kwa aliye ubavuni, kiasi kwamba kijana aliye kwenye kochi la pembeni huona jezi ya kijani ya Yanga ikiwa imepauka na nyasi zikiwa na ukungu, wakati baba yake anaona kila kitu sawasawa. Vioo vya IPS huvumilia pembe, ila weusi wao huelekea kijivu usiku. OLED, aina nyingine ya kioo nitakayoieleza katika hatua ya tatu, hubaki ile ile karibu kila upande. Kama nusu ya watu wako hukaa pembeni, hiyo ni faida halisi ya kila siku, na iandike kwenye karatasi yako.

Hatua ya tatu: Tazama mwanga wa chumba

Hapa inabidi majina yaeleweke. OLED ni kioo ambacho kila nukta inajiwakia yenyewe na inaweza kuzimika kabisa, kwa hiyo nyeusi yake ni nyeusi kweli. QLED, pamoja na jina linalofanana, ni LCD yenye taa nyuma yake na tabaka la chembe ndogo sana linaloboresha rangi. Mini-LED nayo ni LCD, ila taa zake za nyuma ni ndogo na nyingi, zimegawanywa katika maeneo yanayoweza kufifishwa kila moja peke yake. Kwa ujumla OLED hushinda usiku taa zikiwa zimepunguzwa, na mini-LED nzuri hushinda mchana kwa sababu inatoa mwanga mwingi zaidi.

Keti kwenye kochi lako saa nane mchana, mwezi ambao anga la Mbeya liko wazi, uzime televisheni na uangalie kioo. Kama unaliona dirisha lako ndani yake, weusi wa OLED unaoulipia hautauona muda huo. Pazia zito, au kuihamishia televisheni ukuta wa pembeni mwa dirisha, hutatua tatizo hilo kwa gharama ndogo sana. Familia inayotazama zaidi wikiendi mchana ielekee mini-LED, na ile inayokutana baada ya chakula cha usiku ina sababu ya kuangalia OLED.

Nembo ya HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, isikuvutie peke yake kwenye boksi. Televisheni ya bei nafuu inaweza kupokea mawimbi ya HDR bila kuwa na mwanga wa kutosha kuyaonyesha, na wakati mwingine picha huwa ya giza kuliko ya kawaida. Kuhusu herzi 120, yaani kioo kubadilisha picha mara 120 kwa sekunde, zinamfaa mwenye PlayStation 5 au Xbox Series X. Matangazo ya mpira yanayofika kwenye ving'amuzi vyetu yamejengwa juu ya herzi 50, na kioo cha kawaida kinayamudu.

Hatua ya nne: Umeme, radi na fundi

Mvua za Nyanda za Juu Kusini, ambazo kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, huja na radi kali na umeme unaopanda na kushuka. Televisheni ghali haina kinga ya pekee dhidi ya hayo. Ina hasara kubwa zaidi tu ikiungua. Gharama ya kifaa cha kuilinda, kile tunachokiita TV guard, au ya stebilaiza ihesabiwe kuwa sehemu ya bei, na watu wote wa nyumbani wafundishwe kwamba radi inapokaribia huchomolewa plagi pamoja na waya wa dishi, kwa sababu mshtuko hupitia pia kwenye waya huo na kuingia kwenye king'amuzi, kisha kwenye HDMI. Hakuna TV guard inayoweza kuzuia radi iliyopiga nyumba au nguzo ya karibu. Picha inayokatika mvua kubwa ikinyesha nayo ni suala la dishi na mawingu, na kubadili televisheni hakutaisaidia.

Baada ya umeme, uliza habari za fundi. Televisheni ya LED ya kawaida, yaani LCD yenye taa za LED nyuma, ikipoteza mwanga, mara nyingi zilizokufa ni taa za nyuma, na fundi mzuri wa mjini anaweza kuzibadilisha. Kioo cha OLED kikiharibika hubadilishwa chote, na bei yake inaweza kukaribia ya televisheni mpya. Muulize muuzaji bila haya: kituo kinachotambuliwa na kampuni kiko wapi? Kama jibu ni Dar es Salaam, fikiria safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, kioo kikiwa ndani ya gari linaloteremka Kitonga, na nauli ya kwenda na kurudi.

Wenye vibanda umiza wasinunue OLED. Nembo ya chaneli na ubao wa magoli vinavyokaa mahali pamoja saa nyingi kila siku vinaweza kuacha alama ya kudumu kwenye kioo hicho, na waranti nyingi hazihusu matumizi ya biashara. LCD kubwa yenye mwanga mwingi itawafaa zaidi.

Hatua ya tano: Fanya hesabu ya miezi

Tuseme televisheni ya kawaida ni shilingi 1,400,000 na ya daraja la juu ni shilingi 3,600,000. Tofauti ni shilingi 2,200,000. Ukitarajia kuitumia miaka saba, ambayo ni miezi 84, tofauti hiyo ni karibu shilingi 26,200 kila mwezi. Jiulize kama ungekubali kulipa kiasi hicho kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya faida ulizoziandika kwenye karatasi yako, na kwa ajili ya hizo tu. Kwa mtu ambaye amekuwa akisita kulipia kifurushi cha HD, jibu liko wazi: alipie kifurushi kwanza.

Ongeza umeme. Soma wati nyuma ya kila televisheni. Yenye wati 150 ikiwashwa saa tano kwa siku hutumia uniti 22.5 kwa mwezi, na yenye wati 100 hutumia uniti 15. Kujua bei halisi ya uniti, gawanya fedha uliyonunulia LUKU kwa uniti ulizopata, lakini utumie manunuzi ya pili ya mwezi, kwa sababu ya kwanza hukatwa kodi ya jengo. Anayelipa takriban shilingi 356 kwa uniti ataongezewa kama shilingi 2,700 kwa mwezi, ambazo si nyingi. Aliye kwenye kundi la D1, la watumiaji wadogo wa umeme, awe mwangalifu zaidi, kwani uniti zinazovuka 75 kwa mwezi hutozwa bei ya juu sana kuliko zile za mwanzo.

Sauti nayo iwekwe kwenye hesabu. Televisheni nyembamba, za bei yoyote, zina spika ndogo, na mvua ikipiga bati la nyumba isiyo na dari hutasikia mtangazaji anasema nini. Saundibaa au sabufa ya kiasi, pamoja na televisheni ya daraja la kati, itaifurahisha nyumba nyingi kuliko kioo ghali kilicho kimya.

Sasa msimamo wangu ni huu. Lipa bei ya juu kama angalau mambo matatu kati ya haya ni kweli kwako: unatazama HD nzuri au 4K kwa wingi, watu wako hukaa pembeni au mnatazama zaidi usiku, una intaneti ya kudumu yenye kasi, na fedha hiyo haitokani na mkopo wala haigusi ada au pembejeo za msimu. Mkulima wa Mbarali au Rungwe anayenunua baada ya mavuno alitazame hilo la mwisho kwa makini kuliko yote.

Hatua ya sita: Dukani

Televisheni za dukani huwekwa kwenye hali ya maonyesho, mwanga ukiwa juu kabisa, zikicheza video ya 4K iliyotengenezwa ili kuvutia wateja. Omba ziunganishwe na king'amuzi kwa HDMI, mbili zikiwa kwenye chaneli ile ile, kwanza ya SD, kisha ya HD. Omba rimoti na uziweke zote kwenye hali ya sinema. Rudi nyuma hatua zinazolingana na kochi lako, tazama pasi ndefu ya mpira ikivuka nyasi, kisha simama pembeni uangalie rangi za jezi. Kama unakwenda na flashi yako, kumbuka kwamba ikiwa katika mfumo wa FAT32 haitapokea faili linalofika GB 4. Muuzaji anayekataa ombi hili kwa bidhaa ya mamilioni amekupa sababu ya kwenda duka la jirani.

Nakili namba kamili ya modeli, herufi zote, kwa kuwa televisheni mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kuwa na vioo tofauti, na uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kulipa. Namba ya mfululizo iliyo kwenye boksi ifanane na iliyo mgongoni mwa televisheni. Dai risiti ya EFD, na waranti iliyogongwa mhuri na kutiwa tarehe. Anayeshawishiwa na bei ya Tunduma kwa mzigo uliotoka ng'ambo ya mpaka aulize kama waranti yake inakubaliwa Tanzania, na apewe jibu kwa maandishi.

Hatua ya saba: Kuisafirisha na kuikagua

Televisheni isafirishwe ikiwa imesimama, kamwe isilazwe chini ya mizigo kwenye buti la basi. Ikifika Njombe au Makete wakati wa baridi ya Juni na Julai, iache ndani ya chumba saa kadhaa kabla ya kuiwasha, kwa sababu kifaa kilichopoa sana kikiingia kwenye chumba chenye joto hupata umande ndani, na umeme hauvumilii maji. Ukiiwasha, chagua matumizi ya nyumbani badala ya dukani, kisha uonyeshe picha tupu nyeupe, nyeusi na nyekundu, uzitazame kwa karibu utafute nukta zilizokufa, mistari au madoa ya kivuli. Fanya hivyo siku ya kwanza, kwa kuwa duka hukubali kubadilisha kwa urahisi zaidi wakati boksi na plastiki zake bado zipo. Siku hiyo hiyo ipige picha risiti ya EFD na kadi ya waranti, maana karatasi ya risiti hizo hufifia, na baada ya miezi kumi unaweza kubaki na kipande cheupe kisichothibitisha chochote.